Kufufua Maktaba ya Shule kwa Vitabu Vilivyopo

Kabla hujaandika barua ya kuomba vitabu, fungua daftari la kuazimisha, hesabu vitabu vilivyotoka maktabani mwezi uliopita, kisha ugawanye kwa idadi ya wanafunzi. Shule ya wanafunzi 400 iliyoazimisha vitabu 40 imemfikia, ikizidi sana, mwanafunzi mmoja kati ya kumi. Ikiletewa vitabu 500 vipya kesho, vitaungana na vile vya zamani kupigwa vumbi, kwa sababu kilichozuia usomaji bado kipo palepale. Mara nyingi kizuizi ni kimoja kati ya vinne: kabati lina kufuli na mwenye ufunguo ana vipindi siku nzima, ratiba haina kipindi cha maktaba, rafu zimejaa vitabu visivyohitajiwa na yeyote, au mwalimu msimamizi anaogopa kukatwa mshahara kitabu kikipotea, hivyo anaona heri visiguswe.

Hicho cha nne ndicho kigumu kuliko vyote, na hakigharimu chochote kukiondoa. Tutakirudia.

Toa kwanza, ongeza baadaye

Kazi ya kuanzia ni kupunguza. Inawashinda wengi kwa sababu kutupa kitabu kunauma, na rafu iliyojaa hupendeza mbele ya wageni. Lakini mtoto aliyevuta vitabu vitatu mfululizo akakuta vyote ni vya mtaala uliofutwa, havuti cha nne.

Tenga siku mbili, watu wanne na maboksi matatu yaliyoandikwa KIBAKI, KITENGENEZWE, KIONDOKE. Maliza rafu moja ndipo uende ya pili. Ukimwaga vitabu vyote sakafuni, jioni itawakuta katikati ya kazi na vitarudishwa kabatini kama vilivyokuwa.

Vitabu vya maarifa vipime kwa ukweli wa yaliyomo. Atlasi inayoonyesha Sudan ikiwa nchi moja ni ya kabla ya 2011. Kitabu kinachosema jua lina sayari tisa kilitungwa kabla ya 2006, mwaka ambao Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari, au kimenakili kilichotungwa kabla ya hapo. Vitabu vya afya, kompyuta na sayansi huzeeka haraka. Vya historia na sanaa hukaa zaidi. Hadithi hazizeeki kwa tarehe. Zipime kwa hali ya kurasa, ukubwa wa herufi na kama kuna mtoto shuleni anayeweza kuzisoma. Kitabu cha chuo kikuu kwenye rafu ya shule ya msingi kiondoke hata kama bado kinang'aa, na kilichoandikwa kwa lugha isiyojulikana na mtu yeyote shuleni kifuate.

Vitabu vya kiada vyenye nakala 40 za aina moja si vya rafu za maktaba. Vihamishie stoo au madarasani na uvipe daftari lake. Hadithi zibaki nakala mbili au tatu kwa kila jina, isipokuwa darasa linasoma kitabu hicho kwa pamoja. Chenye kuvu, yaani madoa ya kijivu au meusi na harufu ya unyevu, kifunge kwenye mfuko wa plastiki palepale ulipokiona. Usikipanguse ndani ya maktaba. Chembe zake huruka na kutua kwenye vitabu vizima.

Vitabu vichache vibaki japo ni vikuukuu: historia ya eneo lenu, majarida ya shule yenyewe, na maandishi ya lugha yenu yasiyopatikana tena. Hivyo viwekwe pembeni, visiazimishwe.

Kuondoa kufanyike kwa karatasi ili kusizue maswali baadaye. Andika orodha yenye namba, jina la kitabu na sababu. Mkuu wa shule aitie saini. Piga muhuri wa IMEONDOLEWA juu ya muhuri wa shule. Na kwenye rejesta, yaani daftari kuu la vitabu vyote vya maktaba, chora mstari mwekundu bila kufuta namba. Tafadhali usivipeleke shule jirani vitabu ulivyovikataa kwa sababu ya makosa yaliyomo. Kosa halitakuwa kweli kwa kuhama jengo. Kata picha zinazofaa kufundishia, na karatasi iliyobaki ipelekwe kwa wanaorejeleza.

Ukimaliza, rafu ziwe zimejaa theluthi mbili hadi robo tatu, pasipozidi. Kitabu kilichobanwa huvutwa kwa ncha ya juu ya mgongo, na hapo ndipo migongo mingi inapochanika. Nafasi iliyobaki itumie kugeuza vitabu vichache vionyeshe jalada badala ya mgongo. Mtoto huchagua kwa macho, na mgongo wenye upana wa milimita nne haumwambii chochote.

Chumba na rafu

Mita moja ya vitabu vya kawaida ina uzito wa kilo 20 hadi 35. Ubao wenye unene wa milimita 18 hadi 20 upate mhimili kila sentimita 80 au 90. Ukiachwa urefu wa mita moja na nusu, utapinda katikati ndani ya muda mfupi. Kina cha sentimita 25 kinatosha vitabu vingi. Vya picha vinahitaji 30. Rafu za watoto wadogo zisizidi kimo cha sentimita 120, za wakubwa 150 hadi 180. Rafu ya chini ianze sentimita 10 au 15 kutoka sakafuni kwa ajili ya maji ya kudekia na mchwa, na mgongo wa kabati uache nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite na njia za mchwa zionekane. Kila rafu ndefu ifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe. Watoto hupanda rafu, na rafu iliyojaa vitabu ikimwangukia mtoto inaweza kumuua.

Usipange vitabu mkabala na dirisha linaloingiza jua moja kwa moja. Unyevu wa hewa ukidumu juu ya asilimia 60 hivi, kuvu hupata makao, kwa hiyo kinga ya kwanza ni madirisha kufunguliwa kila siku kavu, likizo ikiwemo. Chumba kilichofungwa wiki sita mfululizo wakati wa mvua huharibu vitabu vingi kuliko wanafunzi wa mwaka mzima.

Rejesta, mihuri na mahali pa kila kitabu

Rejesta iwe daftari gumu lenye safu hizi: namba, tarehe ya kupokea, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, kilikotoka (kununuliwa au zawadi), thamani, maelezo. Kila nakala ina namba yake, na namba ya kitabu kilichopotea haipewi kingine kamwe. Andika namba hiyo na upige muhuri nyuma ya ukurasa wa jina, kisha rudia kwenye ukurasa mmoja wa siri ambao ni uleule katika vitabu vyote. Chagua namba ndogo kama 13, kwa sababu vitabu vyembamba vya watoto huwa na kurasa 16 au 24 tu. Mtu akichana ukurasa wa jina, ule wa siri utasema kitabu ni cha nani. Muhuri usiguse maandishi wala picha.

Kwa upangaji, mfumo wa desimali aliouchapisha mkutubi Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876 bado ndio unaotumika katika maktaba nyingi duniani, na shule haina haja ya kubuni wake. Una makundi kumi: 000 maarifa ya jumla, 100 falsafa, 200 dini, 300 jamii, 400 lugha, 500 sayansi, 600 teknolojia na kazi za mikono, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Maktaba yenye vitabu visivyofika 1,500 haihitaji zaidi ya tarakimu tatu. Wanaoanza hukwama pale mada moja inapogusa makundi mawili. Kitabu kinachoeleza nyuki kama mdudu, mwili wake na maisha yake, ni 595. Kinachofundisha ufugaji wa nyuki ni 638. Jiulize mwandishi anataka msomaji aelewe kitu au afanye kitu, na jibu litakuelekeza kati ya 500 na 600.

Hadithi zitoe kwenye mfumo huo. Zipange kwa herufi tatu za jina la mwisho la mwandishi kama lilivyochapwa kwenye ukurasa wa jina, na kisicho na mwandishi kipangwe kwa herufi tatu za jina la kitabu. Kanuni iwe moja na iandikwe ukutani, maana mwandishi yuleyule akiwekwa leo kwa jina la kwanza na kesho kwa jina la mwisho, vitabu vyake vitatawanyika na hakuna atakayejua.

Lebo ya mgongoni ikae sentimita 3 kutoka chini kwa kila kitabu. Zikiwa kwenye mstari mmoja, iliyokosewa mahali huonekana kwa kupitisha macho tu. Kwa watoto wasiojua tarakimu za mamia, ongeza kipande cha rangi juu ya lebo: rangi moja kwa kila kundi, na chati ya rangi ibandikwe kwenye kimo cha macho yao, si ya mwalimu.

Kuazimisha bila msongamano

Njia ya kadi haihitaji umeme wala intaneti. Nyuma ya jalada la mwisho bandika mfuko mdogo wa karatasi na kadi yenye namba, mwandishi na jina la kitabu. Kwenye ukurasa unaoukabili bandika karatasi ya tarehe. Mwanafunzi akiazima, huandika jina na darasa lake kwenye kadi, kadi hubaki kwenye boksi nyuma ya kigawanyo cha tarehe ya kurudisha, na tarehe hiyo hupigwa kitabuni. Kadi zilizobaki nyuma ya tarehe iliyopita ndiyo orodha yako ya waliochelewa, tayari imejipanga.

Ukitumia daftari, mpe kila mwanafunzi nusu ukurasa wake. Daftari linaloandikwa kwa kufuata siku, jina chini ya jina, ndilo kosa la kawaida kuliko yote: kitabu kinaporudi, mtu anapekua kurasa kumi kutafuta mstari wa kuufuta, foleni inarefuka, na mwishowe wanaacha kufuta. Baada ya muhula mmoja hakuna anayejua nani ana nini.

Piga hesabu ya muda. Darasa la wanafunzi 45, kila mmoja akichukua dakika moja kurudisha na kuazima, litamaliza kipindi kizima cha dakika 40 kwenye foleni bila kusoma mstari. Basi kurudisha kufanyike kabla ya kipindi. Kiongozi wa darasa akusanye vitabu asubuhi kwenye boksi, wakutubi wanafunzi warejeshe kadi mifukoni, na darasa likiingia lianze moja kwa moja kuchagua. Weka meza mbili za kuazima na ugawe darasa kwa herufi za majina.

Muda wa kukaa na kitabu uwe siku 7 kwa wadogo na 14 kwa wakubwa, na ruhusu kuongezwa mara moja. Faini hatuzishauri. Mtoto aliyechelewa na hana pesa hukificha kitabu, haji tena, na shule hupoteza kitabu pamoja na msomaji. Aliyepoteza asaidie kutengeneza vitabu kwa saa kadhaa na mzazi ajulishwe. Uharibifu wa makusudi ni jambo jingine. Huo uende kwa utaratibu wa kawaida wa nidhamu.

Sasa lile la mwalimu kuogopa kukatwa mshahara. Mkuu wa shule aingize kwenye muhtasari wa kikao cha bodi au kamati sentensi kama hii: "Vitabu vinavyopotea au kuchakaa kwa matumizi ya kawaida ni gharama ya shule na havitadaiwa kwa mwalimu msimamizi, mradi rejesta imetunzwa na ukaguzi umefanyika kila mwaka." Nakala yenye saini apewe mwalimu mwenyewe. Halafu kwenye bajeti ya kila mwaka kuwe na fungu la kujazia vilivyopotea. Bila karatasi hiyo, kufuli litarudi kabatini ndani ya mwezi mmoja, na huwezi kumlaumu aliyelirudisha.

Kipindi cha maktaba kiwe cha kusoma

Kila darasa lipate kipindi kimoja kwa wiki, kimeandikwa kwenye ratiba kuu kama hisabati. Dakika 10 za kuchagua na kuazima, 20 za kusoma kimya, 10 za mwalimu kusoma kwa sauti. Katika zile 20 mwalimu naye asome, asisahihishe madaftari. Na asomapo kwa sauti, aachie pale hadithi ilipokaza, kisha akiache kitabu mezani. Kitabu hicho kitagombaniwa kabla ya kengele.

Kumsaidia mtoto kuchagua, mfundishe kipimo cha vidole: afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, na kwa kila neno asilolijua ainue kidole. Vidole vitano, kitabu bado ni kigumu kwake. Viwili au vitatu, kinamfaa. Hakuna hata kimoja, kinafaa kwa starehe, na starehe isikatazwe.

Shule isiyo na chumba itumie maboksi ya darasa: vitabu 40 hadi 50 kwa darasa la wanafunzi 40, orodha imebandikwa ndani ya kifuniko, na maboksi yabadilishane madarasa kila baada ya wiki nne. Yasipobadilishana, wanafunzi huchoka nayo na mwalimu hudhani hawapendi kusoma.

Wakutubi wanafunzi 8 hadi 12 wanatosha, wawili kwa siku. Wapange rafu, warejeshe kadi, wafungue maktaba wakati wa mapumziko. Usichague wenye alama za juu peke yao. Anayesoma kwa shida akikabidhiwa muhuri wa tarehe hushika vitabu 30 kwa siku, na mikono ikizoea kitabu macho hufuata. Wala maktaba isiwe mahali pa kupelekwa walioadhibiwa.

Kutengeneza vilivyochanika

Nunua gundi nyeupe ya PVA, utepe wa nguo wenye upana wa sentimita 5, brashi nyembamba na karatasi ya nta. Selotepu ya kawaida isikaribie kitabu: baada ya miaka michache hugeuka njano, gundi yake huvuja na kugandisha kurasa, na ukiibandua inaondoka na maandishi.

Tatizo la kawaida ni jalada gumu lililolegea. Ukisimamisha kitabu na kukifungua kidogo, utaona mwanya kati ya mgongo wa jalada na bunda la kurasa. Chukua sindano ndefu ya kufumia, ichovye kwenye PVA, iingize kwenye mwanya huo kufuata mkunjo wa jalada, uizungushe ili gundi ishike pande zote mbili. Fanya juu na chini. Weka karatasi ya nta ndani ya jalada, mbele na nyuma, ili gundi iliyovuja isigandishe kurasa. Funga kitabu, pitisha ukucha kwenye mkunjo wa nje, weka juu yake vitabu vizito vitatu na usikiguse mpaka kesho. Wanaokifungua baada ya saa moja kuona kama kimeshika ndio wanaolazimika kurudia.

Ukurasa uliochomoka hupakwa gundi ukingoni kwa upana wa milimita 3 tu, kisha unasukumwa hadi mwisho ndani ya mkunjo. Gundi ikizidi, kurasa za jirani hushikana. Kitabu chembamba kilichopoteza pini kishonwe kwa uzi na matundu matatu katikati ya mkunjo. Pini za kawaida hushika kutu.

Kupata vitabu vipya

Mwongozo wa maktaba za shule wa IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba) na UNESCO wa mwaka 2002 ulipendekeza vitabu kumi kwa kila mwanafunzi, vitabu 2,500 kwa shule ndogo kabisa, na angalau asilimia 60 viwe vya maarifa vinavyoendana na mtaala. Tumia takwimu hizo kujenga hoja mbele ya bodi, usizitumie kukusanya vitabu ovyo ili idadi itimie. Kinachoongoza ununuzi ni daftari dogo mezani lenye kichwa "Nilichokosa leo", ambamo wanafunzi na walimu huandika walichokitafuta bila kukipata.

Kwa wafadhili, andaa ukurasa mmoja unaosema: lugha mnazosoma, umri wa wasomaji, mada zinazokosekana, umri wa juu wa vitabu vya maarifa (miaka 10, na 5 kwa afya na kompyuta), nani analipa usafirishaji na ushuru, na kwamba shule ina haki ya kutoweka rafuni kisichofaa. Omba orodha ya majina ya vitabu kabla havijasafirishwa. Kontena la vitabu visivyochaguliwa hula wiki nzima za walimu na kuishia kwenye boksi la KIONDOKE.

Hadithi zenye leseni huria, yaani ambazo wenye hakimiliki wameruhusu zinakiliwe, huchapwa shuleni kihalali. StoryWeaver, jukwaa la Pratham Books ya India, lina hadithi za watoto katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ukizichapa kama kijitabu, karatasi ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ongeza kurasa tupu mwishoni ikibidi. Jalada liwe la karatasi nene, ya gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi. Lakini usidhani kuwa kitu kipo mtandaoni basi ni huria. Soma leseni kwenye ukurasa wa kila hadithi.

Kompyuta ikiwepo, anza na jedwali lenye safu zilezile za rejesta. Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand, ina nguvu na ni ya bure, ila inahitaji mtu wa kuitunza. Akiondoka, nayo huzimika. Vyovyote iwavyo, rejesta ya karatasi iendelee.

Hesabu tatu za kila muhula

Mara moja kwa mwaka funga uazimishaji kwa wiki moja na ulinganishe rafu na rejesta, kitabu kwa kitabu. Kila muhula mpe mkuu wa shule hesabu tatu kwenye karatasi moja: wastani wa vitabu vilivyoazimwa kwa kila mwanafunzi, vilivyochelewa zaidi ya mwezi, na wanafunzi ambao hawajaazima hata kimoja.

Hiyo ya tatu iwe na majina. Gawa majina hayo kwa walimu wa madarasa, watano watano, na kila mwalimu akae na mtoto mmoja mmoja mbele ya rafu kwa dakika tano. Wengine watasema hawaoni herufi vizuri. Wengine hakuna kitabu cha kiwango chao. Wengine walipoteza kitabu miaka miwili iliyopita na wamekaa na siri hiyo tangu hapo. Hao wafutiwe deni siku hiyohiyo, mbele yao, na watoke na kitabu mkononi.